Kulala nyumba ya wageni pamoja na mbwa



Wengi kati yenu mnafuga mbwa wa kulinda nyumba, na mmetuuliza: tukisafiri naye, tutalala wapi? Tunajibu kwa yale tuliyoyaona wenyewe.

Tulitoka Kaniama kwa treni, wamama watano, kwenda harusini Kamina. Mmoja wetu ni mjane anayekaa peke yake. Hakuwa na jirani wa kumlishia mbwa wake, Simba, basi Simba alikuja pamoja nasi. Tulifikia nyumba ya wageni ya zamani yenye kuta nene, baraza ndefu na dari la juu. Ni nyumba ya wakati wa Wabeleji, wakati wa reli. Reli hiyo ya kutoka Bukama mpaka Ilebo, ambayo zamani iliitwa Port-Francqui, ilimalizika mwaka 1928, nayo ndiyo inayopita Kamina na kwetu Kaniama.

Tulidhani tutafukuzwa mlangoni. Lakini mama mwenye nyumba aliuliza mambo matatu tu. Mbwa amechanjwa, na kadi yake iko wapi? Ana kamba? Atalala juu ya nini? Mwenzetu alitoa kadi, kamba na gunia safi. Tulipewa chumba cha mwisho, chenye mlango wa kutokea uani, tukakatazwa kumwingiza Simba jikoni na mahali pa kulia chakula.

Jioni, mzee anayefagia uani alimtazama Simba akacheka. Alituambia kwamba baba yake alikuwa boyi katika nyumba hiyo. Mbwa wa Mzungu alilala barazani na alikuwa na sahani yake. Baba yake alipita mlango wa nyuma, na usiku ulipoingia alirudi kulala kwake. Mtu mweusi hakukodi chumba pale, hata kama pesa alikuwa nazo.

Tulinyamaza. Mmoja wetu akasema, "Basi mbwa alitutangulia kuingia." Tulicheka, lakini maneno hayo yalituuma. Tulizungumza mpaka usiku, tukakubaliana kwamba mbwa hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la wale waliojua kumheshimu mnyama huku wakimdharau aliyempikia. Leo mwenye nyumba ni mama wa kwetu, na mjane wa Kaniama analala humo na kufunga mlango kwa ufunguo wake. Watoto wetu wanapaswa kuijua habari hiyo.

Tena wamama, mwenye nyumba alikuwa na haki kuanza na chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto aking'atwa, osheni kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, kisha mpelekeni hospitali siku ileile apewe chanjo. Msingoje mbwa aonekane mgonjwa, wala msiridhike na dawa za majani.

Kwa hiyo, kabla ya safari, tuma mtu akaulize kama mbwa anapokelewa. Beba kadi ya chanjo, kamba, sahani yake na kitu cha kulalia. Usimwache peke yake chumbani, maana atalia na kuwanyima wengine usingizi. Uchafu wake uokote wewe mwenyewe, usimwachie mfagiaji.

Asubuhi ya kuondoka tulifagia chumba chetu na kukung'uta gunia la Simba. Mama mwenye nyumba alitazama, akasema, "Mkirudi, mje naye."