Nani Amekwenda Kumpokea?



Juma hili nilikusudia kuandika juu ya adabu za safari: dua ya kupanda chombo, ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala, na mengine ambayo msomaji ameyasikia kwangu mara nyingi. Kalamu ilikataa. Kila nilipoanza, jambo moja lilinisimamia mbele, nalo ni la nyumbani kwangu mwenyewe. Nilimwomba ruhusa aliyefikwa nalo, naye akanijibu, "Andika, mjomba. Huenda likamfaa mwengine."

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alifanya kazi ya nyumbani mjini Riyadh kwa miaka 4. Baba yake alifariki yeye angali mdogo. Mshahara wake ndio uliowasomesha wadogo zake wawili, na ndio ulioezeka upya nyumba ya mama yake huko Likoni. Mkataba ulipokwisha akarudi. Aliteremka Nairobi mchana, na ndege ya kumleta Mombasa ikachelewa; alipokanyaga ardhi ya Port Reitz ilikuwa imekaribia saa sita za usiku.

Dada yangu alikuwa amenipigia simu tangu alasiri. Miguu inamsumbua, na kuvuka feri usiku hawezi. Aliniomba nikampokee binti yake, alale kwangu Mji wa Kale, kisha asubuhi avuke. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimjibu kwa mzaha, "Mtu ametoka Riyadh peke yake, atashindwa na Port Reitz? Mwambie achukue teksi, mlango nitamfungulia." Usiku ule nilikuwa na darsa baada ya Isha. Nilirudi nimechoka, simu ikiwa imekwisha moto, nikaiweka kwenye chaji chumba cha pili, nikalala.

Wakazi wa mji huu wanaijua njia hiyo. Uwanja wa ndege uko bara, upande wa magharibi wa kisiwa, kama kilomita 10 kutoka katikati ya mji. Ukitoka langoni unaifuata barabara hadi mzunguko wa Changamwe, unateremka Kibarani ambako zamani kulikuwa na jaa la taka, unavuka maji kwa daraja la Makupa lililofunguliwa mwaka 2022 mahali pa lile tuta la kale, kisha Mwembe Tayari, Marikiti, na umefika. Malori ya bandarini yasipoziba njia, ni nusu saa. Kwa hesabu ya fiqhi hiyo si safari hata kidogo. Ni masafa ambayo sala haipunguzwi. Lakini mpwa wangu aliniambia baadaye kwamba katika njia yote aliyokuja, bahari na jangwa, hakuna kipande kilichomtisha kama hicho.

Alitoka na mabegi mawili. Laini yake ya simu ya hapa nyumbani ilikuwa imekufa zamani kwa kutotumiwa. Mkobani alikuwa na riyali, na shilingi kidogo zilizobaki tangu siku aliyoondoka. Madereva walimzunguka. Mmoja alimtajia bei, akasogea hatua tatu, bei ikapanda. Mwengine alikwisha kushika begi lake na kumwambia, "Twende tu, dada, tutaelewana mbele." Neno hilo ndilo lililomkata miguu. Tutaelewana wapi? Mbele ya nani? Saa sita za usiku, mwanamke peke yake, na gari la mtu asiyemjua. Matatu haziingii uwanjani, na kutembea hadi barabara kuu gizani na mabegi mawili si jambo la kumshauri mtoto wa mtu.

Akalirudisha begi lake, akaketi kwenye benchi karibu na taa. Mwanamke mmoja mfagiaji alimwazima simu. Alinipigia mara tatu, nami simu yangu imezimwa.

Akakaa hapo hadi alfajiri.

Ilipoadhiniwa waliswali pamoja, yeye na yule mfagiaji, juu ya kanga iliyotandikwa kando ya ukuta. Zamu ya yule mama ilipokwisha alimbebea begi moja, wakaenda hadi kituo cha matatu, wakapanda pamoja mpaka mjini, na ingawa kwake ni Changamwe, hakushuka kwake. Mimi nilikuwa nimerudi msikitini, tasbihi mkononi, nikimalizia uradi wangu, mlango ulipobishwa. Nikawakuta wawili. Yule mama akanitazama, akauliza, "Sheikh, huyu ni mtoto wako?" Nikasema, "Ndiye." Akasema, "Basi mpeni alale. Hakufumba jicho." Nilipotia mkono mfukoni alikwisha kugeuka kuifuata njia ya kituoni.

Nilimlaumu mpwa wangu kwanza. Ndivyo tulivyo, aliyekosa hutangulia kulaumu. Nilimwambia, "Kwa nini hukupanda gari ukaja? Ningelipa mimi." Akanijibu bila ukali wowote, na laiti angenijibu kwa ukali, "Mjomba, nilikumbuka darsa yako ya khalwa."

Alikuwa na umri wa miaka 12 au 13 alipokuwa akija na mama yake katika darsa yangu ya wanawake. Niliwafundisha kwamba mwanamke asijitenge na mwanamume asiye maharimu yake. Sikuwafundisha uongo. Wanazuoni wa zama zetu wamekhitilafiana juu ya gari la kukodi linalopita barabarani mbele ya macho ya watu: wako wanaolihesabu kuwa ni khalwa, na wako wasiolihesabu hivyo hasa penye haja na amani. Khitilafu hiyo naijua, na sikupata kuwaeleza. Lakini kosa langu kubwa halikuwa hilo. Niliwafunga wanawake kwa hukumu, nikasahau kuwaambia wanaume upande wao wa hukumu hiyo hiyo. Ikiwa binti hapasi kupanda gari la asiyemjua usiku, basi yuko mwanamume ambaye hapasi kulala. Usiku ule mwanamume huyo alikuwa mimi. Mjomba si walii wa kumwozesha binti wa dada yake, lakini ni maharimu yake. Yeye alitimiza sehemu yake ya darsa juu ya benchi. Mimi yangu niliiacha kitandani.

Tangu siku hiyo kisa cha Nabii Musa alayhi salaam penye maji ya Madyan nakisoma kwa jicho jengine. Alikuta watu wanawanywesha wanyama wao, na kando yao wanawake wawili wakiwazuia wanyama wao wasisogee. Hakuwauliza kwa nini wametoka, wala hakuwapa mawaidha. Aliwauliza wana nini. Nao wakamweleza kwamba hawanyweshi mpaka wachungaji waondoke, na kwamba baba yao ni mzee sana. Hayo yakamtosha. Aliwanyweshea, kisha akajitenga kivulini, naye ni mgeni aliyechoka asiye na chochote. Nimeisomesha tafsiri ya aya hizo mara nyingi, na kila mara nilisimama kwenye haya ya wale mabinti. Sikuwatazama wachungaji, kundi zima la wanaume waliowaona wanawake wawili wakingoja na wasione kwamba ni jambo.

Liko jengine linaloniuma. Sisi watu wa pwani kupokea msafiri hatukufundishwa na mtu. Wazee wetu jahazi zilipoingia na msimu waliteremka bandarini kuwalaki wenyewe. Na katika sira tunasoma kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliporejea kutoka Tabuk, watu wa Madina walitoka na watoto wao hadi Thaniyyatul Wadaa kumpokea. Hata leo, wanaporudi mahujaji, mtaa mzima huhamia Port Reitz. Mabasi hukodishwa, matwari hupigwa, ubani hufukizwa, na hujaji hushuka akakuta hajui amkumbatie nani kwanza. Ni jambo zuri, wala sisemi liachwe.

Lakini nchi ile ile anayotoka hujaji ndiyo anayotoka binti aliyekuwa akifua, akipika na kulea watoto wa watu. Hujaji alikaa wiki chache, binti alikaa miaka 4. Yeye naye alikwenda kwa ajili ya wengine, na wako wanaorudi na maradhi, na wako wanaorudi na mambo wasiyoweza kumwambia mtu. Mmoja tunampokea kwa mabasi matatu. Mwengine tunamwambia achukue teksi. Nadhani tunafanya hivyo kwa sababu mmoja anaturudishia fahari na mwengine anaturudishia maswali. Pesa zake tulizipokea kila mwezi bila kuchelewa hata siku moja. Mwenyewe ndiye tuliyechelewa kumpokea.

Ijumaa iliyofuata sikusema na wanawake. Baada ya sala niliwaomba wanaume wa mtaa wetu wabaki kidogo, nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa, sikujificha. Hatukuunda chama wala hatukuchagua mwenyekiti. Tulikubaliana tu kwamba baada ya Isha mtu aulize, "Kuna anayeshuka leo?" Asiye na gari amwambie mwenye gari. Yuko dereva mmoja wa mtaani tunayemjua yeye na wazazi wake. Usiku akienda kumchukua mwanamke huenda na mkewe. Mafuta tunachangiana.

Kwa familia zisizo na mpango kama huo, nawausia haya machache ambayo hayana gharama. Msafiri wenu kabla hajapanda ndege mwambieni jina la atakayempokea na nambari ya gari, asifike akaanza kubahatisha. Kama hakuna wa kumpokea, bei ikatwe kabla begi halijaingia garini, na neno la "tutaelewana mbele" liwe ni sababu ya kutopanda. Aketi nyuma, na nambari ya gari aitume nyumbani dereva akiona. Awe na shilingi za kutosha mkononi, na nambari mbili za simu alizozihifadhi kichwani. Wa kwenu kusini ya Likoni, kumbukeni kwamba barabara ya Dongo Kundu sasa inawapitisha bila kuingia kisiwani wala kungoja feri. Na kubwa kuliko yote, simu ya nyumbani isizimwe mpaka msafiri awe ndani na mlango umefungwa. Hilo la mwisho najiusia mwenyewe kwanza.

Kwa ndugu zetu madereva nina neno moja. Mnapata riziki yenu hapo kwa halali na wengi wenu ni waaminifu. Mkumbukeni Safwan bin Muattal, radhi za Allah zimshukie, alipomkuta mama wa waumini Bibi Aisha ameachwa nyuma na msafara. Alimpigisha ngamia magoti, akapanda, akamwongoza hadi akamfikisha kwa wenziwe, bila kumsemesha. Kazi yenu ina asili tukufu. Msiiuze kwa kuongeza bei juu ya hofu ya mtu.

Yule mama mfagiaji nilikwenda kumtafuta baada ya siku tatu, pamoja na dada yangu, ambaye alikataa katakata kubaki nyumbani na miguu yake. Tulimkuta na ufagio wake. Dada yangu hakusema kitu, alimshika mikono tu. Mimi nilitaka kumpa zawadi, akapokea kanga alizoletewa na mpwa wangu, fedha akakataa. Nilimuuliza nimwombee dua gani. Akasema, "Niombee mwanangu. Yuko Dammam, anarudi mwakani."

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hawakusema nani atakuwako ngamani kumpokea, maana kwao halikuwa jambo la kuulizwa.

Mwezi uliopita nilikuwa Port Reitz usiku na mke wangu, tumekwenda kumpokea binti wa yule mama. Ndege ilichelewa, kama kawaida. Kando ya nguzo tuliwaona wasichana wawili wenye mabuibui na mabegi makubwa, wameupa mgongo ukuta, madereva wamekwisha kuwachoka na kuwaacha. Mke wangu aliwaendea, mimi nikasimama mbali kidogo. Akawauliza, "Wanangu, mna nini hapa?"

Mmoja akajibu, "Tunangoja kupambazuke."

Tulibanana garini usiku ule, na mabegi tukayafunga juu kwa kamba. Mmoja tulimteremsha Changamwe pamoja na binti tuliyemfuata, na mwengine tukavuka naye hadi Kisauni, ambako baba yake mzee alikuwa amekaa kizingitini na taa, hajui aende wapi kumtafuta. Nilirudi nyumbani ikiwa imekaribia alfajiri, na sikusikia uchovu wowote.

Mwenyezi Mungu awarudishe salama wasafiri wetu wote, wake kwa waume, na atujaalie tuwe macho wanapofika. Amin.