Vitabu Vitatu na Binti Yetu

Sisi si wahakiki. Elimu yetu ilikoma sekondari, na vitabu tumevisoma usiku, baada ya kazi za ofisi, pasipo mwalimu wala mtihani. Hata hivyo, msomaji wa kawaida naye ana haki ya kusema kilichomgusa, maana vitabu huandikwa kwa ajili yake. Basi twapenda kutoa maoni yetu juu ya maandishi matatu yahusuyo malezi ya binti.

La kwanza ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama mmoja wa Kisiwa cha Pate. Akiwa mgonjwa, alimwita binti yake amsikilize. Sisi tuliozoea kutunga kwa vina na mizani twaustaajabia ufundi wake hata leo. Kasoro tuionayo ni kwamba umesema mengi juu ya kumtii mume, na machache juu ya haki za mke. Lakini mama yule alizungumza na mwanawe, na hilo ni jambo kubwa.

La pili ni Utenzi wa Hati, ambao marehemu Shaaban Robert (1909–1962) alimtungia binti yake. Lugha yake ni nyepesi na mapenzi yake ni mazito. Beti zake nyingi tulizihifadhi kwa moyo, tukazisoma harusini, tukapigiwa makofi.

La tatu ni Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Hii tuliichukia kabla ya kuisoma. Tulijua tu kwamba iliwahi kukatazwa shuleni, na hilo likatutosha. Binti yetu alipoileta nyumbani wakati wa likizo, tulimnyang'anya, tukaifungia kabatini chini ya majalada, tukamwambia ni uchafu. Hakujibu neno.

Miaka mingi baadaye, tulipokuwa tukifunga mizigo ili kuhama, tuliiona tena, tukaisoma mpaka alfajiri. Zakaria, baba yake Rosa, ampiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana. Nyumbani mwake mna fimbo, hamna mazungumzo. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu ulimfunza Rosa hata akajiua. Kwa maoni yetu, mwandishi ameyarundika maafa kupita kiasi karibu na mwisho. Lakini ule uchafu tulioutaja hatukuuona. Tulimwona Zakaria, na sauti yake ilikuwa yetu.

Tulimpelekea binti yetu kitabu chake. Naye sasa ni mama wa watoto wawili. Alicheka. "Baba, nilikisoma likizo ile ile. Niliazima kwa rafiki yangu. Kulikuwa na jambo moja tu nilitaka kukuuliza."

Tulimwomba aulize. Akasema amekwisha kulisahau.

Hapana shaka taifa lahitaji tenzi za kuwaonya vijana, na lahitaji pia riwaya za kuwaonya wazazi. Tulizishika za kwanza kwa sababu zilisema tuliyopenda kusikia, tukazifungia za pili. Mzazi atakaye kukataza kitabu, na akisome kwanza. Na akiisha kukisoma, amwite mwanawe aketi karibu, wazungumze, kabla swali halijasahauliwa.