Mshale wa Kwenye Chati

Wanawake waliofika kwenye zahanati ile ya mkoani Mwanza hawakutaja shida yao moja kwa moja. Walianza na kichwa, wakapitia kiuno, na mlango ukishafungwa sauti ikashuka: "Daktari, kuna uchafu unanitoka." Tabibu aliyeanza kazi hapo mwishoni mwa miaka ya 1990 alizoea kuisubiri sentensi hiyo.

Alikuta tiba ikitolewa kwa kufuata dalili, na Mwanza ilikuwa na sababu ya kuiamini njia hiyo. Mwaka 1995 utafiti katika jamii 12 za vijijini mkoani humo ulionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono vituoni kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Chati ilibandikwa ukutani: unauliza, unafuata mshale, unatoa dawa siku hiyohiyo.

Kwa mwanaume anayetokwa usaha, mshale ulifika panapotakiwa. Kwa mwanamke uliyumba. Uchafu mwingi wa ukeni hutokana na fangasi au kuvurugika kwa bakteria wa kawaida, huku kisonono na klamidia zikiweza kukaa kwenye shingo ya kizazi bila dalili yoyote. Hivyo wengine walimeza dawa za ugonjwa wasiokuwa nao, na wengi waliokuwa nao hawakuja.

Mama mmoja alirudisha kadi aliyopewa ya kumwita mwenzi wake aje atibiwe. "Hii nikimpelekea baba watoto, sina ndoa tena."

Tabibu akamwomba apande kitandani. Spekulamu ililowanishwa kwa maji ya uvuguvugu. Kuta za uke zilitandwa na ute mwembamba wa kijivu. Karatasi ya kupimia asidi (pH) ilipita 4.5, kiwango cha juu cha kawaida. Tone la potasiamu haidroksaidi likatoa harufu ya samaki. Kwenye darubini ileile ya kupimia malaria, seli zilikuwa zimegandwa na bakteria hadi kingo hazionekani. Ili kutambua kuvurugika kwa bakteria wa ukeni, vigezo vya Amsel vya mwaka 1983 vinataka vitatu kati ya vinne. Hapa vilitimia vyote. Akaandika metronidazole, mara mbili kwa siku kwa siku 7, bila pombe, na kumwambia aache kujiosha ndani kwa sabuni. Mwongozo wa wakati huo haukutaka mume atibiwe. Kadi ikabaki mezani.

Angeona vimelea vya trikomonasi, vinavyoambukizwa kwa ngono, vikiogelea kwenye tone la maji ya chumvi, kadi ingemlazimu mama huyo. Ndiyo maana tone hilo lilitazamwa papo hapo, kabla vijidudu havijatulia. Ute mzito mweupe kama mtindi, wenye kuwasha na asidi ya kawaida, ulipewa klotrimazoli ya kuchomeka. Hata mjamzito aliweza kuitumia.

Wenye homa na maumivu chini ya kitovu hawakusubiri darubini: walianzishiwa tiba ya maambukizi ya nyonga. Waliotokwa uchafu wenye damu baada ya kukoma hedhi walipewa rufaa ya hospitali, wakachunguzwe saratani ya kizazi.