Mrembo wa Mishamo, Simu Yamfuta Mwanya!

Binti mmoja wa Mishamo, kule Katavi, alipiga selfi akaipa programu ya akili bandia imwonyeshe meno yake yatakavyokuwa akifunga waya. Haikufika hata dakika: meno yamenyooka, meupe pee, mwanya wa mbele haupo! Akaiweka picha status. Wa kwanza kupiga simu ni mchumba wake: "Mwanya wangu umeupeleka wapi?"

Patamu hapo. Hela ya mahindi ameshaitenga kwa ajili ya waya, na harusi ni Desemba.

Daktari wa meno alimwambia bila kupepesa macho. Programu inachora tu meno juu ya picha. Mizizi haioni, mfupa hauoni. Hivyo vinataka eksirei na vipimo vya kinywa. Tena jino husogea kama milimita moja kwa mwezi, ndiyo maana wengi hukaa na waya mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Desemba ipi sasa? Na mwanya ukizibwa una tabia ya kurudi, kwa hiyo waya zikitoka kuna kifaa cha kuyashikilia meno, tena kwa muda mrefu.

Na mwanya wenyewe (uswahilini watu wanauimba kabisa!) programu iliufuta bila hodi, kana kwamba ni ugonjwa.

Kuna jino la pembeni limempanda mwenzake, mswaki haupiti vizuri. Hilo daktari kakubali litibiwe. Mwanya je? Binti hajaamua. Picha kaitoa status, na hela kampa mama yake amtunzie.