Malezi ya Roho ya Mwalimu

Nimeombwa niandike machache juu ya malezi ya roho ya walimu na wafanya kazi wa shule za Kanisa. Jambo hili ni kubwa kuliko kalamu yangu. Kwa hiyo sitalieleza kama alielezavyo padri seminarini, bali nitasimulia yaliyonipata mimi mwenyewe, kwanza upande wa Handeni, kisha Korogwe. Mengine yanitia haya, lakini nimeona si haki kuyaficha.

Mwaka 2004 nalikuwa kijana, nimetoka chuoni na cheti changu mkononi, nikapata kazi katika shule moja ya msingi ya Kanisa huko Handeni. Jina lake silitaji. Nchi ile ni nchi ya Wazigua, na mvua yake ni ya kubahatisha. Mwaka huu mahindi hujaa ghalani, mwaka wa pili hukauka yangali kimo cha goti. Wazee wengi ni Waislamu, hata hivyo walituletea watoto wao, kwa kuwa walisikia ya kwamba shuleni kwetu mtoto hufunzwa adabu. Neno hilo lilinifurahisha sana. Sikufikiri hata mara moja ya kwamba adabu hiyo ilinihusu na mimi.

Somo la dini nalilifundisha vizuri. Amri kumi, sakramenti saba, mafumbo ya Rozari, watoto waliyajibu yote kwa sauti moja kama ngoma iliyokazwa. Mkaguzi alipokuja alinisifu. Lakini mimi mwenyewe sikusali. Asubuhi, watoto walipopanga mistari wakasali, nalisimama nyuma yao nikitazama saa. Rozari ilikuwa mfukoni pamoja na funguo na chaki. Misa ya Dominika nalikwenda, maana paroko alikuwa na macho makali, naye alijua ni nani hayuko.

Alikuwako mlinzi wa lango, mzee wa Kiislamu. Kabla ya mapambazuko hutia maji katika kopo lake, akatawadha, akaswali kwenye mkeka chini ya mwembe. Kisha akafungua lango akamwamkia kila mtoto kwa jina lake. Watoto walikuwa zaidi ya 200. Mimi niliyekuwa na daftari la mahudhurio sikuyajua majina yao kama yeye. Tena nalimcheka kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu hakujua kusoma.

Hata siku moja fedha za karatasi za mtihani, shilingi 3,000, zikakosekana katika meza yangu. Mtoto mmoja wa darasa la nne alikuwa ameonekana karibu na meza ile. Nikamwita mbele ya wenziwe nikamwuliza, akasema hajui. Nikamwuliza tena, akasema hajui. Basi nikashika fimbo. Kanuni za serikali za mwaka 2002 nalizijua: viboko visizidi vinne, apige mwalimu mkuu au aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, na jambo liandikwe kitabuni. Sikuwa na ruhusa, sikuandika neno, wala sikuhesabu. Mtoto hakulia. Jambo hilo ndilo lililonizidishia hasira, maana nalidhani ni kiburi. Saa sita akatoka akaenda kwao, asirudi tena.

Siku ya pili nikafungua daftari la mahudhurio, nikaziona zile fedha kati ya kurasa, mahali nilipoziweka mimi kwa mkono wangu.

Nalikaa ofisini mpaka jioni, sikumwambia mtu. Nilipotoka, yule mzee wa lango akaniambia, “Mwalimu, nimewaona wezi wengi katika kazi yangu. Mtoto yule jana hakupita hapa kama mwizi. Alipita kama mtu aliyefiwa.” Kisha akasema kwamba anajua kwao, naye yu tayari kunipeleka.

Jumamosi tukaenda kwa miguu, mwendo wa saa tatu. Mtoto alilelewa na bibi yake; ada ililipwa na mjomba wake, kibarua katika shamba la mkonge upande wa Korogwe. Nikasema, “Shikamoo, bibi.” Akaitikia, “Marahaba, mwanangu,” akatupa kigoda na maji ya kunywa. Nikamwambia ya kwamba nimekuja kuomba radhi kwa kumpiga mjukuu wake kupita kiasi. Akanyamaza kitambo. Halafu akasema, “Mwalimu, mimi sikusoma. Nalidhani huko kwa mapadri humfundisha mwalimu kwanza, ndipo naye afundishe watoto.” Hakusema kwa hasira. Alikuwa akiuliza kama mtu aulizavyo njia.

Mtoto alikuwa nyuma ya nyumba, akakataa kuja. Tukarudi.

Sasa, wasomaji, angalieni nilivyofanya. Naliomba radhi kwa ajili ya viboko, lakini habari ya fedha kuonekana sikuisema. Ulimi ulikuwa mzito. Nalijiambia kwamba viboko ndivyo vilivyomwumiza, na hilo la fedha litajisahau lenyewe.

Mwezi ule paroko alinipeleka Korogwe katika mafungo ya siku tatu. Siku hizo barabara ya Handeni kwenda Korogwe, kama kilomita 65, ilikuwa bado ya vumbi, tukafika wekundu kama matofali. Tulikuwa watu wanane tu: walimu watano, mhasibu mmoja, dereva, na mama mmoja mpishi. Nalishangaa kumwona mpishi. Padri aliyetuongoza, mzee mwenye sauti ndogo, akasema kwamba mtoto wa bweni humwona mpishi mara tatu kila siku, na mwalimu wa hesabu mara moja. Je, ni yupi amleaye zaidi?

Alitueleza mafundisho ya Kanisa kwa ufupi. Papa Pius XI, katika waraka wake wa mwaka 1929 juu ya malezi ya vijana, alifundisha ya kwamba shule njema haitoki katika taratibu njema kama itokavyo katika walimu wema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukarudia jambo lilo hilo tarehe 28 Oktoba 1965: kazi ya shule ya Kanisa yawategemea mno walimu wake. Papa Paulo VI mwaka 1975 akasema kwamba watu wa siku hizi huwasikiliza zaidi mashahidi kuliko walimu, na wakiwasikiliza walimu, ni kwa sababu nao ni mashahidi. Na mwaka 1982 ukatoka Roma waraka juu ya walei walio walimu, unaosema kwamba malezi ya mwalimu hayaishi siku ya kupewa cheti. Yafaa yaendelee maisha yake yote, elimu na roho pamoja.

Akatukumbusha pia habari ya Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1928 akawahimiza wamisionari waitangulize kazi ya shule, hata ikiwa kazi nyingine za misioni zitangoja. Wakatii, na shule zikaongezeka. Kwa maoni yangu mimi, hapo ndipo tulipoanza kukimbia kuliko pumzi zetu. Nyumba za shule hujengwa kwa mwaka mmoja. Mwalimu mwenye moyo uliotulia hajengwi kwa mwaka mmoja. Serikali ilipozitwaa shule nyingi, kwa sheria ya mwaka 1969, wengi walilia kwa ajili ya majengo. Walimu tuliowapoteza tuliwalilia kidogo.

Siku ya pili padri alimwalika mwalimu mmoja mzee wa Kianglikana aje kutuzungumzia. Wako waliokunja uso, lakini padri alisema kwamba katika jambo hili jirani zetu wa Korogwe na Magila walitutangulia. Yule mzee akatuhadithia habari za Kiungani, chuo cha UMCA huko Unguja, kilichoanza na watoto waliokombolewa utumwani. Vijana wa Bonde na Uzigua walipelekwa huko kusomea ualimu. Frank Weston alikuwa mkuu wa chuo kile kabla ya kufanywa askofu wa Unguja mwaka 1908. Sala haikuwa kitu cha kuongezwa kazi zikiisha. Ndiyo iliyoigawa siku yao.

Ikaja vita ya mwaka 1914. Wadachi waliwashuku walimu wa UMCA kwamba ni wapelelezi wa Waingereza, kwa kuwa misioni yao ilikuwa ya Kiingereza. Wengi wakakamatwa, wakafungwa minyororo, wakapigwa. Wengine hawakurudi kwao. Padre Samwil Sehoza aliziandika habari hizo katika kijitabu kilichotolewa mwaka 1921, jina lake Mwaka katika Minyororo. Yule mzee akatutazama mmoja mmoja akauliza: “Ninyi mkinyang’anywa cheti, na mshahara, na ubao, na chaki, mkatiwa mnyororo shingoni, mtabaki na nini cha kumfundisha mtu?” Hakungoja jibu. Aliaga akaenda zake, maana alikuwa na mgonjwa nyumbani.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nalikwenda kuungama, nikayasema yote, na la fedha pia. Padri aliniuliza neno moja: “Jina lake umemrudishia?” Nikasema sikumrudishia. Akanieleza ya kwamba mwenye kuiba kuku hurudisha kuku, na mwenye kumwondolea mtu jina jema naye hana budi kulirudisha, hata ikimgharimu jina lake mwenyewe.

Niliporudi nalikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia. Akaniandikia barua ya onyo, nayo ilinistahili. Jumatatu nikasimama mbele ya mistari ya watoto nikasema kwamba mwenzao hakuiba, mwenye kosa ni mimi. Magoti yalitetemeka. Mzee wa lango alikuwa amesimama mbali, akainamisha kichwa. Kisha nikaenda tena kijijini, nikakuta mlango umefungwa. Jirani wakasema bibi amehamia kwa binti yake upande wa Kilindi, na mtoto amekwenda kwa mjomba. Na mjomba ameacha kazi shambani, wala hapana ajuaye aliko.

Tangu mwaka 2009 nafanya kazi Korogwe. Desturi yetu ni hii: kabla ya kengele, sote hukaa kimya robo saa, kuanzia mkuu wa shule hata mfagizi. Huyu hushika Injili ya siku, yule Rozari. Wenzetu Waislamu hawalazimishwi kusali kwa namna yetu. Wana chumba chao, na robo saa yao ni ile ile. Ijumaa jioni kila mmoja huchunguza dhamiri yake na kumkumbuka mtoto mmoja aliyemkosea juma lile, na Jumatatu humtafuta. Ni jambo gumu kuliko nilivyolisema. Wako waliokuja ili tu waonekane. Mmoja alikuwa akisahihisha madaftari ndani ya kitabu cha sala, nami sikuweza kumlaumu sana, kwa maana alikuwa na madaftari 90.

Tena niseme neno hili kwa wenye kuongoza shule, wasinichukie. Mwalimu aliyekaa miezi mitatu bila mshahara hawezi kutafakari. Hutafakari deni la dukani. Papa Leo XIII aliandika mwaka 1891 kwamba kumnyima mfanya kazi ujira wake ni dhambi ilialiayo mbinguni. Kumwita mtu kwenye mafungo huku umezuia ujira wake ni kumdhihaki, yeye na Yule anayesaliwa. Nimeyaona haya katika shule zaidi ya moja, na yatosha.

Mwaka 2016 nalikuwa stendi ya Korogwe nikingoja basi la Tanga. Vijana wakawa wakikimbilia madirishani na machungwa. Mmoja akasimama mbele yangu, mrefu, beseni begani, akasema, “Shikamoo, mwalimu.” Nikaitikia, lakini sikumjua. Akajitaja jina.

Nikamshika mkono nikataka kuomba radhi, lakini akanitangulia. Akauliza kwa sauti ya chini, “Mwalimu, zile fedha zilionekana?”

Nikamwambia zilionekana siku ya pili, katika daftari langu, nami ndiye niliyeziweka. Akalishusha beseni chini. Alinyamaza mpaka watu wa basi wakaanza kuita abiria. Akasema, “Mjomba alikataa kunipeleka shule nyingine. Alisema hasomeshi mwizi.” Nikamwuliza kama mjomba yu hai. Akasema yu hai, yuko Mombo. Kisha akasema, “Basi niandikie, mwalimu. Niandikie katika karatasi, nimpelekee.”

Nikatoa karatasi katika mkoba, nikakaa juu ya gunia la mtu, nikaandika habari yote, na tarehe, na jina langu kamili. Basi likaondoka. Akasoma pole pole, kidole chini ya kila neno, maana kusoma kwake kuliishia darasa la nne. Palipokuwa na neno asiloliweza akaniuliza, nikamsomea. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akanichagulia machungwa mawili. Fedha akakataa.