Hema Letu Katika Pwani ya Kusini

Mwaka jana, shule zetu za Lubumbashi zilipofunga kwa likizo kubwa, mimi na mke wangu tulikuwa na akiba kidogo ya fedha. Jamaa zangu walikuwa wamekwisha kuipangia kazi. Tuna miaka tisa katika ndoa takatifu, wala Mungu hajatujalia mtoto. Basi mjomba wangu alitamka mbele ya ukoo kwamba fedha ile iwe mahari ya msichana mwingine. Mke wangu aliinamisha kichwa, asijibu neno. Usiku ule nilimwambia, "Mama, twende tukaione bahari."

Tulipanda basi, tukapita Zambia, tukaingia Tanzania kwa mpaka wa Tunduma, kwa njia ile ile inayofuatwa na malori yanayochukua shaba yetu bandarini. Huko Dar es Salaam shemeji yangu, ambaye ni mfanyabiashara, alituazima motokari yake ya zamani, pamoja na hema, sufuria mbili na taa. Siku saba kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tukashika njia ya kusini.

Njia hiyo ni ya lami, na magari ni machache. Mto Rufiji tuliuvuka kwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970. Kabla halijafunguliwa mwaka 2003, wasafiri walivuka kwa kivuko, na wengi walilala ukingoni wakingoja zamu yao. Mbele, karibu na Somanga, tulipita mahali ambapo mvua za tufani Hidaya zilikata barabara na kubomoa madaraja mwezi wa Mei 2024. Kisha ni minazi, mikorosho iliyokuwa ikichanua, na upepo wa kusi usiokoma tangu asubuhi hata jioni.

Watu wa pwani hawasalimiani kwa haraka kama sisi. Kwetu neno "Jambo" latosha. Huko Kilwa Masoko tulimwendea mzee mmoja kumwomba ruhusa ya kupiga hema chini ya minazi yake. Aliitika shikamoo zetu, akauliza hali, akauliza safari, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Na watoto hawajambo?" Nilinyamaza. Mke wangu akatazama pembeni. Nikageuza maneno upesi, nikasema, "Huyu ndiye bibi yangu." Mzee akacheka sana. "Bibi yako! Mbona kijana hivi?" Maana kwao bibi ni mama wa baba au wa mama, si mke wa mtu. Tulicheka sote, naye akatuangulia madafu. Lakini swali lile lilitufuata ndani ya hema.

Kesho yake tulivuka kwa mashua hata Kilwa Kisiwani. Hapo palikuwa na mji mkubwa, uliotajirika kwa dhahabu iliyotoka Sofala. Msikiti wake mkuu ulianza kujengwa katika karne ya 11, ukapanuliwa baadaye kwa nguzo na kuba nyingi za mawe ya matumbawe. Juu ya jabali pana magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala wakati msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Birika lake la pembe nane lingali laonekana. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji huo na kuupora. Siku hizi mijusi huota jua juu ya kuta, na mizizi ya miti hupenya kati ya mawe. Mke wangu aliuliza, "Sultani huyu alikuwa na wana na wajukuu wangapi?" Kiongozi wetu hakujua.

Kilwa Kivinje ni habari ya huzuni zaidi. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa kutoka upande wa ziwa Nyasa ilikuwa ikiishia hapo, na watu wakapakiwa majahazini. Siku hizi wavuvi hushona nyavu mahali pale. Mke wangu aliketi juu ya ukuta wa zamani, akasali rozari nzima. Nilipomwuliza anamwombea nani, alijibu, "Nawaombea akina mama walionyang'anywa watoto wao njiani."

Tarehe 15 Agosti tulikuwa Lindi, mji mtulivu kando ya ghuba pana, mahali mto Lukuledi unapoingia baharini. Tulisikiliza Misa Takatifu. Injili ya siku ile, kama mjuavyo, ni ile ya Bikira Maria kumwendea Elisabeti, ambaye watu walikuwa wakimwita tasa. Baada ya Misa tulitembea ufukoni bila kusema. Ndipo mke wangu aliposimama, akaniambia, "Elisabeti alipata mtoto katika uzee wake. Lakini miaka yote kabla ya hapo Zakaria hakumwacha."

Wasomaji wapenzi, mimi nilisoma seminarini, na Injili hiyo nimeieleza mara nyingi mbele ya wanafunzi. Jambo hilo sikuwa nimeliona. Nilijua pia kwamba mbele ya ukoo nilikuwa nimenyamaza, na kunyamaza kwangu kulimwumiza kuliko maneno ya mjomba. Nilimwomba radhi pale pale mchangani.

Tulipiga hema mara ya mwisho Mikindani, mji mdogo wa nyumba za mawe, ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Usiku kusi iling'oa kigingi, hema likatuangukia. Tulilala ndani ya motokari tukicheka kama watoto. Alfajiri, maji yalipokupwa, wanawake walikuwa wakirudi na pweza. Mmoja wao alitusogelea, akatoa salamu zote moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye ile niliyoiogopa, "Watoto hawajambo?"

Mke wangu, anayefundisha darasa la kwanza, alimtazama usoni. "Hawajambo, mama. Ni hamsini na wawili. Wananingoja shuleni."

Yule mama alistaajabu, kisha akaelewa. "Mungu akukuzie," alisema, akatupunguzia bei ya pweza.

Tuliporudi nyumbani fedha ilikuwa imekwisha. Nilikwenda kwa mjomba, nikamwambia mbele ya ukoo kwamba siku ya ndoa sikuahidi kumpenda mke wangu endapo atazaa, bali niliahidi kumpenda siku zote za maisha yangu. Mjomba angali ana hasira. Sisi twaendelea kumwomba Mungu mtoto, na asubuhi twaenda shuleni pamoja.