Mvule wa Shimba

Msafiri atokaye Mombasa huvuka maji kwa feri ya Likoni, akashika njia ya kusini hadi Kombani. Hapo njia ya Kwale hukata upande wa kulia na kupanda kilima. Minazi huachwa nyuma, hewa hupoa, na punde huonekana msitu wa Shimba, uliotangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka 1903. Sehemu yake kubwa ilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1968.

Miongoni mwa miti mikubwa ya huko ni mvule, ndugu wa mfenesi na mforosadi. Ukipasuliwa, mbao zake ni za manjano kama bizari. Zikipigwa randa hung'aa, na kwa kukaa katika mwanga hugeuka rangi ya dhahabu, kisha kahawia. Mchwa hawaziwezi kwa urahisi. Ndiyo maana maseremala huzipenda kwa milango na makasha. Lakini fundi huwa na hadhari, kwani mara nyingine shina huficha jiwe gumu la chokaa, liharibulo meno ya msumeno.

Huenda mkulima wa Msambweni akauliza: ikiwa mti huu ni mali, mbona haupandwi safu kwa safu kama mvinje? Jambo hilo limejaribiwa katika nchi nyingi za Afrika. Miche ya mvule ikipandwa kwa wingi mahali pamoja, hushambuliwa na mdudu mdogo afanyaye vinundu katika machipukizi, nayo hudumaa au kufa. Tena kuna mvule dume na mvule jike. Jike asipokuwa na dume wa jirani hazai mbegu zifaazo. Mbegu hizo husambazwa na popo na ndege walao matunda.

Basi mvule huhitaji msitu. Wazee wa Kidigo walilijua jambo la kuhifadhi miti zamani: katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, kukata mti ni mwiko, na mwaka 2008 kaya hiyo iliingizwa pamoja na nyinginezo katika Urithi wa Dunia.

Mwenye mvule shambani mwake asiharakishe kuuangusha kwa fedha za mwezi mmoja. Mvinje mtu huupanda akauvuna mwenyewe. Mvule humtunzia mjukuu wake.